Fundi wa Rangi Mbichi

Fundi alikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu wengi: alikuwa akiwasimamisha. Unapita zako na ndoo kichwani, au una mtoto mgonjwa begani, au unafuata jeneza, mara unasikia sauti kutoka barazani kwake, "Simama hapo hapo! Usitikisike!" Unasimama, maana sauti yenyewe ilikuwa ya mtu aliyeona nyoka karibu na mguu wako. Kumbe hakuna nyoka. Ameona wekundu wa kanga yako ukikutana na ukijani wa ukuta wa jirani. Anakutazama mpaka ashibe, kisha anasema, "Haya nenda, ahsante," nawe unaendelea na safari huku unamtukana kimoyomoyo. Mimi nilimtukana hata kwa sauti. Si mtu wa kumung'unya maneno, na yeye alilijua hilo tangu nikiwa mtoto.

Ajabu ni kwamba ukifika nyumbani na kuivua ile kanga, ulijikuta unaitazama tena. Nimekuwa mshonaji maisha yangu yote, na nusu ya ninachokijua juu ya rangi nilikipata kwa kusimamishwa njiani na yule mzee. Hakusema rangi nzuri wala mbaya. Alisema nzito na nyepesi. "Usiniambie ni nyeupe," alinikaripia nilipompelekea vipande vya vitambaa, "nyeupe ziko nyingi. Niambie uzito wake." Nilidhani anajitia ujuzi tu, mpaka siku moja nikiwa kwenye cherehani nikajikuta nimekikataa kitambaa cha bibi harusi kwa sababu ni chepesi mno kwa mtu mwenye sauti nene kama ile. Mama mkwe mtarajiwa alidhani nimepungukiwa akili.

Watu wa Milamba, mtaa wetu pale Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, walimwita Fundi, basi, bila kuongeza kitu. Tulikuwa na fundi seremala, fundi saa na fundi baiskeli, lakini ukisema Fundi peke yake kila mtu alijua ni yule anayechora kwa kisu. Brashi hakuwa nayo hata moja. Alisema brashi inapapasa, na yeye hakuwa na muda wa kupapasa. Kisu chenyewe kilikuwa kisu cha siagi cha melini, alichokisugua juu ya jiwe mpaka kikawa chembamba kama jani la mpera na kikaanza kupindika. Alichota rangi nzito kwenye kipande cha bati, akaibandika ubaoni, akaivuta, akaikata kwa ncha, na mara nyingine akaikwangua yote na kubakisha kivuli chake tu. Ukisimama karibu uliona vurugu: matuta, mifereji, mabonge, mkate uliopakwa siagi na mtu aliyekasirika. Ukirudi nyuma kidogo, mji unasimama. Sijui niseme vipi vizuri zaidi ya hapo. Nyumba zinasimama, jua linawaka, na wewe unahisi joto la ule ukuta mashavuni mwako.

Kazi hiyo alijifunza wapi? Ilitegemea ulimuuliza siku gani. Lililo hakika ni kwamba ujanani mwake, wakati wa Wareno, alikuwa kibarua kwenye meli ndogo ya mizigo iliyopanda na kushuka pwani yote hii, kutoka Beira mpaka Mombasa, ikibeba korosho, katani na magunia ya chumvi. Kazi yake ilikuwa kukwangua kutu na kupaka rangi ubavu wa meli. Siku moja aliniambia kisu alifundishwa na kutu yenyewe, kwa sababu ukiikwangua unaona rangi zote ambazo meli imewahi kuvaa. Siku nyingine aliniambia alifundishwa na abiria mmoja, mama wa Kizungu aliyekuwa akichora pale juu sitahani. Nilipomkumbusha yule mama baadaye, alinikatalia kabisa. "Mama gani? Yule alinifundisha kukaa kimya, basi." Hata leo sijui kama mama huyo aliwahi kuwapo.

Alichora bandari. Beira wakati wa mvua, pamoja na mabati yake yote yanayong'aa. Lindi, na kile kilima kinachoiangalia bahari kwa dharau. Mapaa ya Unguja yaliyobanana, na kuta za Ibo zinazomenyuka. Kila mji ulikuwa na rangi yake katika maneno yake ya kila siku, na alizitumia hata sokoni. Alikuwa akimwambia muuza mboga, "Nipe mchicha wa kijani cha Lindi, si huu," na muuza mboga, ambaye Lindi hajaiona, alijua amchagulie upi. Mocímboa yenyewe hakuichora. Alisema macho ya mwenyeji yamelala. Tulikuwa tukichukia kidogo, maana nasi tulitaka kuonekana.

Watu ndani ya picha zake walikuwa pigo moja la kisu kila mmoja. Hakuna pua, hakuna jicho. Shehe wetu wa wakati ule alikuja siku moja kumkanya juu ya kuchora viumbe wenye roho, akainamia picha ya soko la Unguja kwa muda mrefu.

"Huyu ni mtu?" aliuliza shehe, akionyesha kidole.

"Wewe shehe umeona mtu?"

"Naona tinta." Hivyo ndivyo tunavyoita rangi ya kupaka huku kwetu.

"Basi ni tinta, shehe wangu."

Shehe alicheka mpaka kilemba kikalegea. Picha ile aliondoka nayo, ikatundikwa ukumbini kwake, na waliofika kwake kwa shauri la talaka walikuwa wakiitazama hiyo wakisubiri zamu yao.

Sasa niseme kwa nini mimi nilikwenda kwa Fundi kuliko watoto wengine wote. Baba yangu alikuwa mwenzake katika ile meli. Walining'inia kwenye ubao mmoja, wakakwangua ubavu mmoja. Mimi nilikuwa tumboni mwa mama walipokwenda safari ambayo baba hakurudi. Meli ilirudi, na Fundi akateremka na mifuko miwili ya nguo, wake na wa baba. Ule wa baba aliuweka mlangoni kwa mama, akasema meli imeondoka Mombasa na mwenzake hayumo. Mama alimuuliza kwa nini. Akasema hajui. Muda si mrefu vita vya kumtoa Mreno vikaanza, mpaka wa nchi ukafungwa, na habari zikaishia hapo.

Mama alijipatia jibu mwenyewe. "Baba yako ana mke Mombasa." Alilisema kwa sauti ileile anayotumia kusema chumvi imekwisha, na alikufa akiliamini. Nami nimekua nalo, nikazeeka nalo: kwamba kuna mwanamume aliyejua naja duniani, akaona bora abaki kwingine. Picha ya baba hatukuwa nayo hata moja. Aliyebaki akimjua baba, sura yake na nia yake asubuhi meli ilipoondoka Mombasa, alikuwa Fundi peke yake. Nilitaka anijibu jambo moja tu: baba alitukimbia, au hakutukimbia? Na kila nilipomuuliza, Fundi alinionyesha picha.

Picha yenyewe ilikuwa ni ile iliyomfanya achekwe mji mzima. Baada ya uhuru maduka ya Wareno yalifungwa, na makopo ya tinta ya Fundi yakageuka mawe. Akaanza kusaga rangi zake mwenyewe: chokaa, udongo mwekundu wa Mueda, mkaa, na unga wa njano uliokuwa umebaki kwenye kifuko cha melini. Kusaga si tatizo. Tatizo ni mafuta ya kuchanganyia, na mtu wa pwani ukimtajia mafuta, akili yake inakwenda kwenye nazi. Fundi alikamua mafuta ya nazi mazuri, yananukia, akachanganya rangi, akachora Mombasa, mji ambao mpaka siku hiyo hakuwahi kuuchora. Akaitoa picha juani ikauke. Haikukauka. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, masika yakaja na kupita. Mafuta ya nazi hayakauki. Mwanamke yeyote anayejipaka kichwani angemwambia. Watu walipita barazani wakamuuliza kama amechora au amekaanga.

Mafundi wa mashua ndio waliomwokoa. Walimwonyesha mafuta ya ganda la korosho, yale meusi wanayopaka mbao, yanayobabua ngozi lakini yakikauka yamekauka. Picha zake zote za baadaye zilichorwa kwa hayo, zikawa na weusi wa asali kwa ndani, na vidole vyake vilibabuka mpaka akawa hawezi kula mchuzi wa moto kwa mkono. Lakini ile ya kwanza hakuitupa. Aliilaza juu ya meza katika chumba cha nyuma, na kwa kuwa sisimizi wanapenda nazi kutushinda, akaitia miguu ya meza ndani ya makopo ya maji. Akaagiza kawa kubwa la ukindu, kama la kufunikia pilau ya harusi, akaifunika. Mafuta yalipochacha aliongeza mapya. Vumbi lilipoingia alilitoa kwa sindano aliyoniazima mimi na hakunirudishia kamwe.

Nilikuwa nimeanza tu kujifunga kanga aliponifunulia lile kawa mara ya kwanza. Harufu ya nazi iliyolala ilinipiga, halafu nikaiona Mombasa. Nilisahau kufunga mdomo. Gati limejaa watu na magunia, meli imeegemea upande, nyuma yake mtaa unaopanda kuelekea mjini, kuta nyeupe, vivuli vizito, na picha yote inameta kwa unyevu kana kwamba imeoshwa sasa hivi. Fundi alinyoosha kisu kwenye doa la njano pembeni mwa gati, si kubwa kuliko ukucha wangu.

"Baba yako huyu hapa. Shati lake la njano."

"Uso wake uko wapi?"

"Kageukia kule."

Nililitazama lile doa mpaka macho yakaniwasha. Nilirudi siku baada ya siku. Kisha siku moja nilifika na baba hayupo. Pale alipokuwa pana magunia, naye yuko mbele ya bohari, upande wa pili.

"Mbona kahama?"

"Alichoka kusimama," alisema Fundi.

Nilimwita mzee mwongo, mbele ya mkewe, nikakimbia nyumbani kumshtakia mama. Mama alikuwa anapeta mchele, hakuinua hata kichwa. "Hata kwenye kwadru hatulii," alisema, maana picha ya ukutani sisi tunaiita kwadru.

Hivyo ndivyo nilivyokua, na baba akitembea. Rangi ilikuwa mbichi, kwa hiyo Fundi aliweza kumchota kwa ncha ya kisu na kumweka kwingine, kisha akaziba pengo. Nilipoolewa, baba alikuwa karibu na forodha, kati ya wachukuzi. Nilipojifungua wa kwanza, alikuwa kwa muuza kahawa. Kuna mwaka nilimkuta chini ya ngazi ya meli kabisa, mguu mmoja kama unataka kupanda. Niliporudi tena alikuwa amekwenda zake mjini. Nililia kwa hasira, mtu mzima mwenye watoto, kwa ajili ya bonge la tinta.

Lakini niseme kweli. Nimeshona nguo za watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na najua mwili unavyokaa ndani ya shati. Ndani ya lile bonge mlikuwa na mwili. Ulijua amechoka au ana haraka. Ulijua bega gani alilozoea kubebea. Fundi hakuwa na lolote mkononi ila kisu cha siagi, na alifanya hayo kwa kuvuta mkono mara moja, na mimi kila mara nilishikwa na hofu, hofu ile inayokupata ukiona mtu anafanya jambo ambalo binadamu hakupewa. Nilimwogopa na kumpenda kwa sababu hiyohiyo.

Alikuwa mtu wa kukuchanganya. Mazungumzo yake yote ni safari, lakini baada ya meli ile hakupanda chombo tena, hata cha kuvuka kwenda visiwani. Bandarini kwetu hakushuka. Samaki alituma watu wamnunulie. Rangi aliisubiri miaka na miaka, lakini wali hakuweza kuusubiri uive, akaula na kiini chake. Maharusi wa mtaani aliwapa picha bila kuombwa, halafu baadaye anakuja kwako, hodi haisubiri kuitikiwa, anakwenda moja kwa moja ukutani na kisu chake, anaongeza pigo moja, anaondoka. Mume wangu aliwahi kumuuliza picha iliyo nyumbani kwetu ni yetu au ni yake. Fundi alijibu ukuta ni wetu.

Nami nilimuuliza lile swali langu moja kila nafasi ilipopatikana. Nilimuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa ukali, nikamuuliza nikiwa nimempelekea uji alipokuwa mgonjwa. "Tazama kwadru, mwanangu," ndilo jibu alilokuwa nalo. Mama alipokufa nilimuuliza mbele ya kaburi. Alinitazama, midomo ikacheza, kisha akaondoka kabla ya dua kwisha.

Vita hivi vya sasa vilipoingia mjini tulikimbia kila mtu kivyake. Mimi na wanangu tulifika Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa, tukiwa na tulichovaa. Nyumba za Milamba ziliteketea, na picha za Fundi zikateketea nazo ukutani: Beira, Lindi, Ibo, soko la Unguja la yule shehe. Nikiwa Pemba nilikuwa nikizihesabu kichwani kama anavyohesabu mtu jamaa zake waliokufa. Ile mbichi niliitoa katika hesabu mapema. Nilijua hakuna mtu awezaye kukimbia na kitu kisichogusika, na pamoja nayo niliona baba naye amekwisha.

Mpwa wa Fundi ndiye aliyenisimulia baadaye. Fundi alikataa kutoka nyumbani bila picha ile. Wakaibeba wawili, yeye mbele, mpwa nyuma, imelala juu ya ubao, kawa juu yake, wakafuata njia za mashambani kuelekea kaskazini. Wenye njaa njiani waliona kawa wakadhani ni chakula. Walikuwa wakijikusanya, wazee na wanawake wenye watoto mgongoni, na Fundi alikuwa akiinua kawa ili waone wenyewe kwamba hafichi kitu. Mpwa alisema hakuna aliyetukana. Walisimama wakaitazama Mombasa, na mama mmoja akauliza kama mji ule bado upo. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja, soldadu mchanga, alitia kidole kuhakikisha, kikatoka cheupe.

"Ainda está molhado?" aliuliza, ameshangaa.

"Bado mbichi," mpwa alimjibu. "Tangu uhuru."

Askari alifuta kidole kwenye suruali yake, akawapisha.

Walitulia Mute, kijiji cha wakulima kilicho barabarani kabla hujafika Palma, ambako mpwa ana shamba la mihogo. Tulipoanza kurudi Mocímboa, nami nikawa nimepata chumba na cherehani ya kuazima, mpwa alinitumia sauti kwa simu: Fundi anakuita, na usichelewe, macho yamekwisha na mwili nao unafuata. Nilipanda gari la mizigo kesho yake. Njiani nilijiambia nikifika sitakubali kuonyeshwa picha. Safari hii atasema kwa kinywa chake.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka mlangoni, jicho moja jeupe, la pili linakaribia. Amekuwa mdogo. Kisu kilikuwa kwenye paja lake.

"Shikamoo, Baba Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Huoni, umejuaje?"

"Sauti imekonda." Akaniashiria nimshike mkono, tukaingia ndani. Meza ilikuwa mpya, mbovu, miguu imo ndani ya makopo. "Funua."

"Sikuja kutazama kwadru, Baba Fundi. Nimekuja unijibu."

"Funua, nikujibu."

Niliinua kawa. Baba hakuwa gatini, wala kwenye ngazi, wala kwa muuza kahawa. Alikuwa mahali ambapo sikuwahi kumwona miaka yote ile, mwisho wa ule mtaa unaopanda, peke yake mbele ya ukuta mweupe.

"Pale ndipo alipokuwa," alisema Fundi. "Nimemrudisha kwa kupapasa, kabla jicho halijafunga. Asubuhi ile mnyapara wa vapori, wa ile meli yetu, alinituma mimi. Akasema, nenda kamwite mwenzio, tunaondoka. Alikuwa kaenda mjini kutafuta mbeleko. Ya kukubebea wewe."

Mpwa alikuwa anatwanga nje, na mchi uliendelea.

"Nikamwona. Kaishaipata, kaikunja, kaitia kwapani. Kasimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa asubuhi hiyohiyo, na jua linampiga ubavuni. Mwanangu, sijapata kuona njano kama ile, kabla wala baada. Nikafungua mdomo nimwite. Nikaufunga. Nikajiambia, nikimwita ataondoka pale. Wacha nitazame kidogo."

"Kidogo gani?"

"Sijui. Honi ikalia, ile ya mwisho. Nikakimbia. Nilidhani naye kasikia, yuko nyuma yangu. Sikugeuka."

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya udongo. Mbeleko. Baba yangu alikuwa na mbeleko kwapani. Furaha na hasira vilinijia pamoja, na hasira ikatangulia kutoka.

"Mama amekufa akijua ana mke mwenziwe Mombasa."

"Najua."

"Ulikuja kula wali wake kila Idi!"

"Najua, mwanangu."

"Neno moja tu lilikushinda?"

"Lilinishinda." Machozi yalimtoka katika yale macho yasiyoona, hakuyafuta. "Nilisema nitamrudisha mwenyewe. Watu walidhani nimekosea mafuta. Mara ya kwanza nilikosea kweli. Halafu nikaona, ikiwa mbichi, naweza bado kumpandisha meli. Nimemtembeza maisha yangu yote nimfikishe ngazini. Na kila nikimfikisha, njano inakufa. Inakuwa tinta tu, hayumo. Nikashindwa kumwacha hivyo."

Alipapasa pajani, akakichukua kisu, akanigeuzia mpini.

"Wewe una haki naye. Mpandishe."

Nilikipokea. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani, na mpini una shimo la dole gumba lake. Nilisimama nikainama juu ya meza nikiwa na nia moja. Ningemchota, nimteremshe mtaa wote ule, nimvushe gatini, nimpandishe ngazi, njano imwagike ikitaka, ife ikitaka, mradi awe ndani ya meli inayokuja kwetu. Nilitia ncha ya kisu kando ya shati lake.

Ukuta ule ulikuwa mzito. Weupe wake ulimsukuma mbele, ukamtoa nje ya ubao karibu anifikie. Uzito wa mwili ameuegemeza mguu mmoja, kama mtu aliyemaliza shughuli zake na sasa anavuta pumzi kabla ya kwenda nyumbani. Chini ya kwapa palikuwa na mkwaruzo mwembamba mwekundu wa Mueda, umekunjwa. Jua lilimwangukia begani, na njano ile iliwaka mpaka nikahisi joto usoni. Sikuwahi kumwona baba yangu. Nilikuwa namwona sasa, na mkono wangu haukusogea.

"Umeshampandisha?" aliuliza Fundi.

"Ngoja," nilimwambia. "Bado namtazama."